Bartolomeo Bujiku, Aliyetaka Ngoma Isikike Hadi Benchi la Akina Mama

Wasifu wa marehemu mzee Bartolomeo Bujiku Budeba (1921–1979), unaosomwa na mkwe wake, Liberatus wa Idodi, kwa niaba ya familia, kijijini Igava, Usangu, Jumatatu tarehe 13 Agosti 1979.

Baba Paroko, viongozi wa kijiji, wanakwaya, ndugu mliotoka Maswa kuja kumwona mgonjwa, mkasafiri siku tatu kwa treni na basi, majirani zetu Wasangu, Wahehe na Wabena: familia inawapa pole na inawashukuru. Tumeombwa tusiseme mengi kwa sababu jua linapanda na chakula kiko motoni. Marehemu naye hakupenda hotuba ndefu, labda iwe inahusu ngozi. Kwa bahati mbaya hii inahusu ngozi.

Mzee Bujiku alizaliwa mwaka 1921 huko Maswa, mtoto wa tatu wa mzee Budeba, mfugaji na mpiga ngoma. Kwa Kisukuma bujiku ni usiku, na jina alipewa kwa saa aliyozaliwa. Siku yenyewe haikuandikwa popote. Tarehe yenye karatasi ni ya ubatizo wake, 24 Agosti 1938, sikukuu ya Mtakatifu Bartolomeo Mtume. Padre aliyembatiza alimweleza kwamba Mtume huyo alichunwa ngozi akiwa hai, na kwamba watu wa kazi za ngozi humwomba awaombee. Kijana Bujiku alisikitika kweli kweli. Kisha akauliza kama ngozi ilitoka nzima au ilikuwa na matundu ya kisu. Padre hakumjibu, ila jina la Bartolomeo hakumnyima.

Alisoma shule ya misheni darasa la kwanza na la pili, mwaka 1934 na 1935, akaacha kwa sababu ng'ombe hawakuwa na mchungaji mwingine. Kuandika aliandika kwa shida, lakini kuhesabu alihesabu mpaka mwisho wa maisha yake, na kipimo chake kilikuwa hatua. Ukimwuliza kisima kiko wapi hakukuambia karibu wala mbali. Alikuambia hatua mia mbili na kumi, nawe ukienda ukazihesabu ulizikuta. Shule yake nyingine ilikuwa uwanjani kwa baba yake. Kwa Wasukuma, baada ya mavuno, ngoma mbili hushindana siku moja, uwanja mmoja, na mshindi ni yule ambaye watazamaji wamemkimbilia. Mwaka mmoja mzee Budeba alianza na umati, akamaliza na wanawe na mbwa, kwa kuwa ngoma ya wapinzani ilikuwa ikisikika mpaka ng'ambo ya kilima. Bujiku hakuyasahau hayo hata alipoota mvi. Alikuwa akisema sauti ikifika, watu watakuja wenyewe.

Kuanzia Februari 1946 hadi mwishoni mwa 1957 aliajiriwa katika banda la ngozi, Maswa. Kazi yake ilikuwa kukagua ngozi na kuzipanga madaraja kabla hazijasafirishwa. Ngozi nene, nzito, ya fahali aliyeshiba, iliyokaushiwa kivulini, hiyo daraja la kwanza. Ngozi nyembamba ya ng'ombe aliyekonda, hiyo daraja la nne, na mara nyingi aliitupa pembeni bila hata kuikunjua. Alifanya hivyo karibu miaka kumi na miwili, akapata jina la Bwana Ngozi, akaamini kabisa kwamba hakuna jambo la ngozi asilolijua. Tunaomba mlikumbuke hilo daraja la kwanza, maana ndilo lililokuja kumwaibisha.

Jumamosi ya tarehe 1 Septemba 1951 alifunga ndoa na Roza, binti wa mzee Kashindye. Alimsikia kabla hajamwona. Roza ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kanisani kwao. Siku hiyo Bujiku alikuwa nje akiegesha baiskeli, akasikia sauti inaingia kwenye wimbo bila kupapasa, naye akaingia ndani akiifuata, mpaka akajikuta ameketi upande wa wanawake. Walimtoa. Wazee walipomwuliza baadaye amempendea nini yule binti, alijibu, "Sauti yake haigombani na mtu." Mungu akawajalia watoto watatu: Ngolo, Kashindye na Rozalia.

Mwaka 1971, malisho ya kwao yalipokuwa finyu, alihama na familia yake na ng'ombe sitini na wanne. Waliingia Usangu mwezi Oktoba, vumbi hadi kwenye kope, wakapokewa hapa Igava kama wageni wanavyopokewa, yaani kwa maji ya kunywa na maswali mengi. Wapo waliosema Wasukuma wametuletea ng'ombe tu. Mama Roza hakumaliza mwezi kabla hajajiunga na kwaya ya kigango, na baada ya Jumapili mbili akawa ndiye anayeanzisha nyimbo. Waliosema, walinyamaza wakaimba. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mwezi Machi 1973 mama Roza aliugua homa ya uti wa mgongo. Alilazwa majuma matano, akapona, na Mungu tunamshukuru. Ila masikio hayakurudi naye nyumbani. Alikuwa anasikia ukimsemea kwa nguvu kwenye sikio la kushoto, basi. Aliendelea kwenda kanisani akiimba kwa kukumbuka, mpaka siku ya Pentekoste, tarehe 10 Juni mwaka ule. Kwaya ilifunga wimbo kwenye ubeti wa pili kwa sababu misa ilikuwa imechelewa. Mama, akiwa amefumba macho, akaendelea na wa tatu peke yake. Hakuna aliyethubutu kumgusa. Watoto walicheka, kama watoto wanavyocheka. Alipofumbua macho aliona nyuso, akaelewa, akakunja kanga yake akatoka nje polepole. Toka siku hiyo alisali nyumbani. Ukimwomba arudi alisema, "Mimi nitawaharibia. Sijui mnaanza lini wala mnaacha lini."

Mzee Bujiku hakumlazimisha. Alikwenda kanisani siku ya kazi, hakuna mtu, akahesabu kutoka mahali pa wapigaji mpaka benchi la tatu la akina mama, alipokuwa akikaa mkewe. Hatua kumi na tisa. Alirudi akamwambia mwanawe Kashindye kwamba Mungu akimpa sauti moja inayoweza kutembea hatua kumi na tisa na kuingia kwa Roza, hataomba kitu kingine. Watoto walidhani huzuni imemzidi.

Julai 1974 mwalimu Philbert, mwalimu wetu wa shule ya msingi na wa kwaya, mwenyeji wa Idodi, alileta kutoka Iringa mjini ngoma kubwa ya matarumbeta. Ni hii mnayoiona hapa. Kikundi kimoja cha huko kilikuwa kimepata mpya. Pipa lake la mbao lilikuwa zima, ngozi ya upande wa pili ilikuwa nzima, nyembamba kama karatasi ya kaki, lakini ngozi ya upande wa kupigia ilikuwa imepasuka. Kijiji kizima kilisema kazi hiyo ni ya Bwana Ngozi.

Mzee alifurahi kuliko siku ya harusi yake, na haya ni maneno ya mama mwenyewe. Alichagua kama alivyofundishwa: fahali, nene, nzito, daraja la kwanza bila ubishi. Aliiloweka, akaikwangua, akaikaza mpaka nati zikalia. Kisha akamketisha mama kwenye kiti nje ya nyumba, akamwambia sikioni, "Ukisikia, inua mkono," akaanza kupiga huku akirudi nyuma hatua moja moja. Mkono wa mama uliinuka hatua ya sita. Ya saba haukuinuka. Mzee alirudia mara nne, akidhani mama amesinzia.

Mwalimu Philbert alikuja kuisikiliza. Yeye ni mtu wa adabu, na Bujiku alikuwa mkubwa kwake kwa miaka mingi, kwa hiyo alitafuta maneno.

"Mzee, ngozi ni nzuri. Tena ni nzuri mno. Ila sauti imejifunga. Mtu anasikia kama tunapiga gunia la mpunga."

"Sasa unataka nini, mwalimu?"

"Tunataka iwe kubwa, halafu iwe wazi. Wazi kabisa, mzee wangu."

"Wazi?"

"Wazi."

Kosa lililofuata si la mtu mmoja. Mwalimu alisema Kiswahili cha kwaya, mzee alisikia Kiswahili cha banda la ngozi, na katika banda la ngozi kitu kikiwa wazi maana yake hakijafunikwa. Jumapili ya pili ya Septemba alifika kanisani mapema, ameibeba ngoma begani. Mwalimu Philbert aliizunguka, akatazama upande wa pili, akaona mpaka ndani ya pipa. Ile ngozi nyembamba nzima haikuwapo. Ilikuwa imekatwa kwa kisu, kuzunguka, kwa mkono wa mtu anayejua kukata.

"Mzee, umefanya nini?"

"Si ulisema iwe wazi? Iko wazi. Hata kuku anaingia."

Na kweli kuku mmoja aliingia, baada ya misa, watoto walipohakikisha. Ilipopigwa ilitoa mlio mkavu, ukaishia pale pale. Nyumbani, mkono wa mama Roza uliishia kuinuka hatua ya nne. Kijiji kilicheka mpaka siku ya soko, na kwa miezi kadhaa ukimsalimia mzee watu walikuongezea, "Mlango uko wazi, Bujiku?" Naye alikuwa akicheka nao. Lakini nyumbani alisema wazi, na hilo neno tunalitumia kwa maana ya mwalimu, kwamba ameona aibu. Hakuona aibu kwa ajili ya kuku. Aliona aibu kwa sababu kutoka hatua sita alikuwa amerudi nyuma mpaka nne.

Kuuliza si ujinga. Oktoba 1974 alipanda basi kwenda Iringa kumtafuta mzee Danieli, Mlutheri, aliyekuwa akitengeneza ngoma za matarumbeta nyumbani kwake. Mzee Danieli alimkaribisha kwa "Kamwene", salamu ya Kihehe, na ugali, akasikiliza habari yote ya daraja la kwanza na ya kisu bila kucheka. Mkewe ndiye aliyecheka, jikoni. Kisha akachukua ngoma yake, akampigia upande mmoja, akamwambia aweke kiganja upande wa pili.

"Umesikia nini mkononi?"

"Inatikisika."

"Sasa sikia, Bwana Msukuma. Upande huu unabisha hodi, upande ule unaitika karibu. Wewe umemkata anayeitika. Ngoma yako inabisha hodi nyumba isiyo na mtu."

"Na ile ngozi ya fahali?"

"Ile umeivalisha ngoma koti. Ngozi nene inachoka kabla haijasema. Tafuta nyembamba, pande zote mbili. Ya kupigia iwe imara kidogo, maana itapigwa. Ya kuitikia iwe nyembamba zaidi. Ndani usiweke kitambaa wala kitu. Na usiikaze kama unafunga ng'ombe mkorofi. Kaza nati hii, kisha inayoitazama, hivyo hivyo mpaka imalize kuzunguka. Iache ipumue."

Mzee Bujiku akasema, kwa sauti ya mtu anayeungama, "Kwa hiyo ni daraja la nne."

"Daraja la nne ni nini?"

"Ni zile nilizozitupa."

Ndipo ilipoanza ile safari ya mzee ya kutafuta vitu vibaya. Mei 1975 alikwenda Mbeya, sokoni Mwanjelwa, kwa mfanyabiashara wa ngozi anayeitwa Asukile. Asukile alimtandikia ngozi nzuri nzuri. Mzee alizisukuma pembeni.

"Nataka mbaya."

"Mbaya vipi, baba?"

"Ya ng'ombe jike, mzee, aliyekonda. Iwe nyembamba. Ila isiwe na tundu wala mkwaruzo wa kisu, na iwe imekaukia kivulini. Ya juani inakuwa na moyo mgumu."

Alikuwa akiishika kila moja kwa ncha ya vidole, anaining'iniza, anaigonga kwa ukucha na kusikiliza kwa kuikaribisha sikioni. Asukile aliwaita majirani zake waje kumwona mzee anayezungumza na ngozi. Waliokuja kucheka walibaki kusaidia, na kufikia alasiri nusu ya kibanda ilikuwa inagonga ngozi na kuweka sikio. Aliipata ya thelathini na saba. Asukile yuko hapa leo. Amekuja kutoka Mwanjelwa, na anasema mpaka sasa hauzi ngozi bila kuigonga kwanza.

Hiyo ikawa ya kupigia. Ya kuitikia ilitoka zizini kwake. Mwaka ule ukame ulitupiga sote, na mwezi wa sita mtamba wake mmoja, mwekundu mwenye doa jeupe usoni, alikufa kwa njaa. Kwa mfugaji hilo ni jambo la kulia, na mzee alilia. Kisha akaweka kisu mbali akamchuna kwa ngumi, asubuhi mpaka saa tisa, ili ngozi isipate hata alama. Aliitoa manyoya kwa majivu, akaikwangua kwa kigae cha chupa mpaka mwanga ukapita, akaivisha kwenye pete ya mbao ikiwa mbichi, akaiacha siku tisa kivulini, mbali na moto na mbali na watoto wa jirani.

Jumamosi moja ya Julai, mchana, alimketisha tena mama kwenye kile kiti. Watoto wote walikuwapo, na mkwe anayesoma maneno haya alikuwapo, akiwa bado mchumba anayetafuta sifa kwa kubeba kiti. Mzee alipiga, akarudi nyuma, akapiga. Hatua sita, mkono juu. Kumi. Kumi na nne. Kumi na tisa, na hapo alisimama kidogo akajifuta uso. Ishirini na tano. Hatua ya thelathini na moja uzio ulimzuia mgongoni. Akapiga mara tatu kwa mkupuo, kwa furaha tu. Mama hakuinua mkono. Aligeuka akatazama mlangoni.

"Baba Ngolo," alisema, "kuna mtu anabisha hodi. Mbona hamumkaribishi?"

Ikabidi mama ajibu mwenyewe. Akasema, "Karibu!" kwa ile sauti ya zamani, ya kuanzisha wimbo.

Tarehe 15 Agosti 1975, sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, mama Roza alirudi kanisani baada ya miaka miwili na miezi miwili, akaketi benchi la tatu. Mzee alikuwa amepatana na mwalimu Philbert. Pigo moja kubwa maana yake tunaanza. Mapigo mawili maana yake basi, tumeacha. Kati ya hayo ngoma ingemshika mkono. Mama aliimba kila ubeti, akaacha pale walipoacha. Wageni wanaotutembelea huuliza kwa nini kwaya ya Igava inafunga kila wimbo kwa mapigo mawili, hata ule wa majonzi, na wengine wameiga wakidhani ni mtindo mpya wa Iringa. Sasa mmejua. Ni njia ya mume kumwambia mkewe kwamba wimbo umekwisha, ili asibaki peke yake.

Baada ya hapo maisha yalikuwa mazuri, na ya mazuri husemwa machache. Mwaka 1976 Ngolo aliolewa na mkwe huyu anayesoma. Kashindye alimwoa Atuganile kutoka Tukuyu, na kwa kuwa Kinyakyusa na Kisukuma havisikilizani, nyumba ile ilizungumza Kiswahili cha aina yake. Mzee alizungukia vigango na sharika kuchagua ngozi za ngoma, kwa Wakatoliki na kwa Walutheri sawasawa, akisema ngozi haina dhehebu. Masika, ngozi zilipolegea kwa unyevu, alizipasha kwa jiko la mkaa, akiwa amekaa kando yake kama anachemsha uji wa mgonjwa. Alikuwa na ugomvi mmoja tu wa kudumu, nao ulikuwa na methali. Mtu akisema ngoma ivumayo haidumu, mzee aliweka chini alichoshika. "Hiyo aliitunga mtu aliyekausha ngozi juani," alikuwa akisema. "Njoo uone yangu." Ngozi ya Mwanjelwa na ya yule mtamba ndizo hizi hapa, miaka minne sasa, hazijabadilishwa.

Aprili mwaka huu miguu yake ilianza kuvimba na pumzi kufupika. Julai alilazwa hospitali, Mbeya. Daktari, kijana mpole, alimlaza akamgonga kifuani kwa vidole, juu mpaka chini, kama madaktari wanavyofanya. Mzee alitega sikio.

"Daktari, rudia hapo chini."

Daktari alirudia.

"Juu bado iko wazi," mzee alisema. "Hapo chini imelowa."

Daktari alisimama akamtazama. "Ni kweli, mzee, kuna maji. Umesomea wapi?"

"Banda la ngozi, Maswa."

Usiku hakulalamika. Kesho yake alimwambia mkwe wake kwamba ngozi iliyolowa hupashwa moto, lakini hii yake imelowa ndani, na hakuna jiko linalofika huko, na kwa hiyo angependa kwenda nyumbani. Tulimrudisha tarehe 4 Agosti. Siku zake za mwisho hazikuwa za giza. Alikula kidogo, alitania sana, na mama alikaa upande wake wa kulia ili sikio la kushoto liwe karibu na mdomo wake. Waliyosemezana hatuyajui, ila mara mbili tulimsikia mama akicheka.

Jumamosi tarehe 11 Agosti, saa nane mchana, kwaya ilikuwa inafanya mazoezi ya sikukuu ya Jumatano hii, na sauti ilikuwa inafika nyumbani vizuri. Mzee alisikiliza wimbo mzima. Kisha akasema, "Mwambieni mwalimu nati ya juu, upande wa kupigia, imelegea." Aliushika mkono wa mama akaupigapiga kwa kidole, taratibu, na kidole kilipotulia mama ndiye aliyejua wa kwanza. Jioni mwalimu Philbert alikagua ile nati. Ilikuwa imelegea kweli.

Marehemu ameacha mjane, mama Roza Kashindye, watoto watatu, Ngolo, Kashindye na Rozalia, wakwe, Liberatus na Atuganile, wajukuu wanne, kaka mmoja na dada wawili waliopo hapa kutoka Maswa, kwaya moja, na ng'ombe thelathini na wanane ambao wametulia kwa sababu hawajaambiwa. Tunawashukuru waliomuuguza, waliomwombea na waliomcheka kwa wema. Tulimpenda, na yeye alijua.

Familia ina ombi moja. Wimbo wa kumsindikiza hautafungwa kwa mapigo mawili. Mama amekataa, na hatukumwuliza sababu. Badala yake, udongo ukishawekwa, mwalimu Philbert atahesabu hatua thelathini na moja kutoka kwenye kiti cha mama, na huko atapiga ngoma mara tatu. Mama anasema mzee Bujiku hajapata kuingia kwa mtu bila kubisha hodi, na huko anakokwenda asije akakosa wa kumwitikia kwa kuwa yeye Roza amebaki huku. Apumzike kwa amani, na mwenye nyumba ampokee.

Tunajua mmezoea kuitika, wote. Leo tunawaomba mnyamaze. Ataitika mama.